Nani ana neno la mwisho? Kuyaelewa madhehebu ya Kikristo kuanzia mzizini

Tarehe 8 Mei 2025, moshi mweupe ulipofuka kwenye dohani ya Kikanisa cha Sistine na Papa Leo XIV akatangazwa, mazungumzo yalishika mkondo ambao nimeuona kila mara Vatikano inapoingia kwenye habari. Mmoja anauliza kama Papa ni kiongozi wa Wakristo wote. Mwingine anajibu kwamba Wakatoliki si Wakristo, wana dini yao. Wa tatu anasema Wakristo wana madhehebu zaidi ya elfu arobaini, kila moja na Mungu wake. Muda si muda watu wanabishana juu ya Jumamosi na Jumapili, na swali la kwanza limeshasahaulika.

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake ni fupi: hapana. Papa anaongoza Kanisa Katoliki, lenye waumini wapatao bilioni 1.4. Wakristo wote duniani wamepita bilioni 2. Kwa hiyo anaongoza takriban nusu yao au zaidi, kutegemea nani anahesabu, na waliobaki hawako chini yake. Kazi ngumu ni kueleza kwa nini hawako chini yake, na kwa nini wao wenyewe hawako pamoja.

Tuanze na maneno, maana sehemu kubwa ya ugomvi huu inatoka humo.

"Kanisa" lina maana tatu, na watu huruka kutoka moja kwenda nyingine bila kujua. Kuna kanisa kama jengo. Kuna Kanisa kama chombo chenye viongozi na taratibu, kama tunaposema Kanisa la Kilutheri. Na kuna Kanisa kama watu wote wa Kristo, waliopo na waliotangulia. Anayesema "Kanisa ni moja tu" na anayesema "makanisa ni mengi" wanaweza wote kuwa wakweli, kila mmoja akitumia maana yake.

"Dhehebu" ni mkusanyiko wa waumini wenye mafundisho, ibada na uongozi wa pamoja ndani ya dini moja. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, madhhab, na mzizi wake ni kitendo cha kwenda: dhehebu ni njia ambayo watu wameamua kuishika. Naipenda asili hiyo, kwa sababu haimaanishi kipande kilichovunjika. Lakini wapo wasiolipenda neno hili. Wakatoliki na Waorthodoksi kwa kawaida hawajiiti dhehebu, kwa kuwa kila upande unaamini kwamba ndio mwendelezo wa Kanisa lenyewe la mitume, wala si tawi mojawapo kati ya mengi.

"Sakramenti" ni tendo la ibada ambalo kwalo waumini wanaamini Mungu anawapa neema yake kwa ishara inayoonekana: maji, mkate, divai, mafuta. Wakatoliki na Waorthodoksi wanahesabu saba. Waprotestanti wengi wanahesabu mbili, Ubatizo na Meza ya Bwana, na baadhi yao hawalitumii kabisa neno sakramenti. Wao husema "maagizo".

Na ile idadi ya madhehebu zaidi ya 40,000? Imetokana na namna ya kuhesabu. Watafiti wanaotoa takwimu hizo huhesabu kila kanisa upya katika kila nchi lilipo. Kanisa moja lililo katika nchi mia linaingia kwenye jumla mara mia. Hata Kanisa Katoliki, lenye Papa mmoja na katekisimu moja, yaani kitabu kimoja cha mafundisho, linajitokeza humo zaidi ya mara mia mbili. Ukiangalia kwa jicho la mafundisho, unabaki na koo chache kubwa: Wakatoliki, Waorthodoksi wa aina mbili, ambao tutawafikia, Kanisa la Mashariki la Waashuru, dogo lakini la kale sana, na Waprotestanti, ambao ndani yao kuna Walutheri, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti, Wabaptisti, Waadventista, Wapentekoste na wengineo.

Koo hizi zinashirikiana mengi kuliko mtu wa nje anavyodhani, na pengine kuliko hata mtu wa ndani anavyodhani. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kujibu fundisho la padri Ario, aliyesema Mwana wa Mungu ni kiumbe. Walikataa. Mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, uliofanyika Konstantinopoli (leo Istanbul) mwaka 381 ukakamilisha kanuni ya imani ambayo hadi leo inakiriwa na Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana na Walutheri. Ndani yake mna maneno "Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume". Hapo "katoliki" maana yake ni la ulimwengu wote, na ndiyo sababu Mlutheri anaweza kulitamka bila kuwa chini ya Roma. Makanisa yasiyo na desturi ya kukiri kanuni hiyo kwa sauti, kama Wabaptisti na Wapentekoste wengi, bado yanafundisha kiini chake: Mungu mmoja katika Utatu, Yesu ni Mungu kweli na mtu kweli, alikufa, akafufuka, atarudi.

Mpaka huo huo ndio unaoeleza kwa nini makanisa mengi hayawahesabu Mashahidi wa Yehova wala Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, maarufu kama Wamormoni, kuwa sehemu ya familia hii. Makundi yote mawili yalizaliwa Marekani katika karne ya 19, yote yanajiita ya Kikristo, na yote hayakubali fundisho la Utatu kama lilivyoelezwa Nikea. Mtu anaweza kuupenda mpaka huo au kuukataa, lakini ni vizuri ajue umechorwa wapi.

Sasa tuchukue tofauti moja nyepesi. Wapo Wakristo wanaosherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, na wengi hudhani hao wanaamini Yesu alizaliwa siku nyingine. Sivyo. Warusi na Waserbia wako kwenye tarehe 25 Desemba kama wengine, ila ni 25 Desemba ya kalenda ya kale iliyowekwa enzi za Julius Caesar. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliirekebisha kalenda ili ilingane na mwendo wa jua, na leo ile ya kale iko nyuma kwa siku 13. Pasaka nayo hutofautiana kwa sababu za namna hiyo, ingawa kuna miaka hukutana. Mwaka 2025 wote waliiadhimisha 20 Aprili.

Tofauti ya kalenda haigusi imani hata chembe. Ila iulize swali moja: kwa nini hesabu ya nyota iliyo wazi kwa kila mtu ilikataliwa na Wakristo wengi kwa karne kadhaa? Kwa sababu aliyeitangaza alikuwa Papa, na wao hawakukubali kwamba Papa ana haki ya kuwapangia. Hapo ndipo penye mzizi. Nimesoma historia hii kwa miaka, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba chini ya karibu kila mgawanyiko mkubwa kuna swali moja: tunapotofautiana, nani ana neno la mwisho?

Swali hilo lina umri sawa na Ukristo wenyewe. Katika Matendo ya Mitume sura ya 15, waumini wanagombana kama watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, walazimike kutahiriwa. Mitume na wazee wanakutana Yerusalemu, wanasikilizana, wanaamua, wanaandika barua. Walikuwepo watu waliotembea na Yesu mwenyewe. Taabu ilianza walipokufa.

Mgawanyiko mkubwa wa kwanza uliodumu ulitokea katika karne ya tano, na ulihusu namna ya kusema kwamba Yesu ni Mungu na ni mtu. Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulimhukumu Nestori, patriaki (askofu mkuu) wa Konstantinopoli, na Kanisa la Mashariki lililokuwa Uajemi halikuikubali hukumu hiyo. Miaka ishirini baadaye, mwaka 451, Mtaguso wa Kalsedonia ukasema Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya kimungu na ya kibinadamu. Wamisri, Waarmenia na Washami wengi wakakataa. Wao walishika maneno ya Sirili, patriaki wa Aleksandria huko Misri: asili moja ya Neno aliyefanyika mwili. Kwao, kusema "asili mbili" kulisikika kama kumkata Kristo vipande viwili. Kwa waliokutana Kalsedonia, kusema "asili moja" kulisikika kama ubinadamu wake umemezwa.

Tatizo lilikuwa kwenye neno la Kigiriki ambalo upande mmoja ulilitumia kwa maana ya "alivyo" na mwingine kwa maana iliyokaribia "yeye mwenyewe". Fikiria watu wawili wanaogombana kama mto una mkono mmoja au miwili, mmoja akimaanisha tawi la mto na mwingine akimaanisha kiungo cha mwili. Wanaweza kugombana hadi usiku. Hawa waligombana miaka 1,500, huku wafalme wa Konstantinopoli wakiwalazimisha waliokataa kwa nguvu za askari, jambo lililofanya chuki iwe ya kikabila na ya kisiasa pia. Wakopti wa Misri, Waethiopia, Waeritrea, Waarmenia na Washami wa Kiorthodoksi wanatoka kwenye ukoo huu, unaoitwa Orthodoksi wa Kale wa Mashariki.

Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia saini tamko la pamoja kuhusu Kristo, na mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II akafanya hivyo na Mar Dinkha IV wa Kanisa la Mashariki la Waashuru. Kwa lugha nyepesi, walikubaliana kwamba wanamwamini Kristo yule yule kwa maneno tofauti. (Wakopti nao wanamwita kiongozi wao Papa, na jina hilo si miliki ya Roma peke yake.) Hata hivyo bado hawashiriki pamoja Ekaristi, yaani Meza ya Bwana. Maneno yamepatana, lakini swali la mamlaka bado lipo palepale.

Mwaka 1054 ndio unaotajwa kila mahali kama mwaka ambao Mashariki na Magharibi, yaani Waorthodoksi wa aina ya pili, kama Wagiriki na Warusi, na Wakatoliki, waliachana. Tarehe 16 Julai Kardinali Humbert aliingia katika kanisa la Hagia Sofia huko Konstantinopoli na kuweka juu ya altare hati ya kumtenga Patriaki Mikaeli Kerulario. Papa aliyemtuma, Leo IX, alikuwa ameshafariki miezi kadhaa kabla. Patriaki naye akawatenga wajumbe. Ilikuwa hasira ya watu wachache, na Wakristo wa kawaida wa siku ile hawakujua kama wametengana. Kilichowatenganisha mioyoni ni mwaka 1204, pale wanajeshi wa Vita vya Msalaba kutoka Magharibi walipoiteka Konstantinopoli, wakapora makanisa na kuwaua Wakristo wenzao. Hati ya laana mtu anaweza kuisahau. Nyumba iliyochomwa watu huwasimulia wajukuu.

Fundisho lililobishaniwa zaidi lilikuwa maneno mawili tu. Kanuni ya imani ya mwaka 381 inasema Roho Mtakatifu "atokaye kwa Baba". Makanisa ya Magharibi yakaongeza "na Mwana", kwanza huko Hispania, kisha kwingine, hadi Roma yenyewe ikayapokea katika karne ya 11. Wengi hushangaa maneno mawili kuligawa Kanisa. Basi fikiria ndugu watano waliotia saini hati ya urithi mbele ya mashahidi. Miaka ikapita, ndugu mmoja akaongeza mstari kwenye nakala yake. Huenda mstari huo ni wa kweli kabisa. Huenda hata ndugu wengine, ukiwaeleza, wataukubali. Bado watakuuliza: ulipata wapi ruhusa ya kuuandika peke yako? Waorthodoksi waliuliza hivyo hasa. Roma ilijibu kwamba mrithi wa Petro ana ruhusa hiyo, na Mashariki ikajibu kwamba mrithi wa Petro ana heshima ya kwanza mezani lakini hana haki ya kuandika peke yake. Tarehe 7 Desemba 1965 Papa Paulo VI na Patriaki Athenagora waliziondoa rasmi zile laana za 1054. Swali la ruhusa hawakulimaliza.

Kisha likaja jina ambalo kila mtu analijua. Tarehe 31 Oktoba 1517, huko Wittenberg, mtawa na mwalimu wa chuo aitwaye Martin Luther alitoa hoja 95 za kupinga biashara ya rehema. Rehema, kwa mafundisho ya Kikatoliki, ni kufutiwa adhabu ya muda ya dhambi ambayo imekwisha kusamehewa. Haikuwa kibali cha kutenda dhambi. Lakini wahubiri kama Johann Tetzel walizitangaza kwa namna iliyowafanya watu waamini wananunua wokovu, na sehemu ya fedha ilikwenda kujenga Basilika la Mtakatifu Petro. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki (1545 hadi 1563) wenyewe ulikuja kuikemea biashara hiyo.

Luther hakuanza kwa nia ya kujenga kanisa lake. Alitaka mjadala. Alipoambiwa afute maneno yake, alijibu kwamba mapapa na mitaguso imewahi kukosea na kupingana, na kwamba dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Hiyo ilikuwa mwaka 1521, na tayari Papa alikuwa amemtenga mwanzoni mwa mwaka huo. Hoja yake kubwa ya imani ilikuwa kwamba mwanadamu anahesabiwa haki kwa imani peke yake, bila kuustahili kwa matendo. Lakini hoja iliyobadilisha historia ni ile ya mamlaka: Maandiko yako juu ya Papa na juu ya mtaguso.

Mfano wa katiba unanisaidia kulieleza hili. Wakristo wote wana katiba moja, Biblia. Wakatoliki wanasema katiba inahitaji mahakama ya juu inayoendelea kukaa, nayo ni maaskofu pamoja na Papa, wakisaidiwa na mapokeo ya mitume. Waorthodoksi wanasema mahakama ni majaji wote pamoja, na hukumu zao za mitaguso saba, ya mwisho ikiwa ya mwaka 787, zinatufunga sote. Jaji mmoja hawezi kuzibadilisha. Waprotestanti wanasema majaji wanahitajika, lakini wao ni watu, na raia yeyote anaweza kuifungua katiba na kuwaonyesha kifungu walichokivunja. Mpentekoste ataongeza kwamba Roho aliyeiandika katiba yu hai na bado anasema na watu wake, ingawa hawezi kusema kinyume cha alichokwisha kuandika.

Kila jibu lina nguvu yake na gharama yake. Gharama ya jibu la Kiprotestanti ilionekana mapema. Oktoba 1529 Luther na Ulrich Zwingli wa Zurich walikutana Marburg kuunganisha harakati zao. Walikubaliana hoja 14 kati ya 15. Wakakwama kwenye moja, maneno ya Yesu: "Huu ndio mwili wangu." Inasimuliwa kwamba Luther aliyaandika kwa chaki juu ya meza na hakuondoka hapo. Wote wawili waliamini Maandiko yana neno la mwisho. Wote wawili walikuwa wasomi, na Maandiko yalikuwa mbele yao. Hawakupatana, na hapakuwa na wa kuwaamua.

Tofauti hiyo ya mkate ipo hadi leo na inafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu ndiyo inayogusa moyo wa ibada. Mkatoliki anaamini kwamba mkate na divai vinageuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo. Kinachobaki ni umbo, rangi na ladha. Ndiyo maana anapiga goti mbele ya tabenakulo, kisanduku kinachohifadhi mkate huo. Mworthodoksi anaamini mageuko hayo pia, ila hapendi kueleza yanatokeaje. Kwake ni fumbo. Mlutheri anaamini Kristo yupo kweli ndani ya mkate, pamoja nao na chini yake, na mkate unabaki mkate. Wafuasi wa Yohane Calvin, kama Wapresbiteri, wanasema muumini anamla Kristo kweli, kwa Roho, kwa njia ya imani. Wabaptisti na Wapentekoste wengi wanafuata njia iliyo karibu na ya Zwingli: ni ukumbusho, tunatangaza kifo cha Bwana. Unapoona kanisa moja lina altare katikati na jingine lina mimbari katikati, unaiona tofauti hii ikiwa imejengwa kwa matofali.

Ubatizo nao ulifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1525, huko huko Zurich, baadhi ya wanafunzi wa Zwingli walisema: kama ni Maandiko peke yake, hatuoni agizo la kubatiza watoto wachanga. Wakabatizana wakiwa watu wazima. Serikali ya mji ikawaua baadhi yao kwa kuwazamisha mtoni, na Felix Manz alikufa hivyo mwaka 1527. Waliwaua Waprotestanti wenzao, na nadhani hilo linapaswa kusemwa wazi kila tunapozungumzia uhuru wa kusoma Biblia. Leo Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti wanabatiza watoto, wakiuona ubatizo kama zawadi ya Mungu inayotangulia, kama tohara ilivyopewa mtoto wa siku nane. Wabaptisti, Waadventista na Wapentekoste wanauona kama ungamo la aliyekwisha kuamini, na wanazamisha mwili mzima.

Waliobaki nitawapitia kwa haraka. Uingereza ilijitenga na Roma mwaka 1534 kwa sababu mfalme Henry VIII alitaka ndoa yake ibatilishwe na Papa akakataa, ingawa mageuzi ya kweli ya mafundisho yalikuja zaidi baada ya kifo chake. Waanglikana wametoka humo, wakiwa na maaskofu na liturjia (utaratibu wa ibada) inayofanana na ya Kikatoliki pamoja na mafundisho mengi ya Kiprotestanti. John Wesley alianzisha uamsho ndani ya Uanglikana katika karne ya 18 na alikufa mwaka 1791 akiwa bado padri wa Kianglikana. Wamethodisti ni tunda lake. Waadventista Wasabato waliunda rasmi kanisa lao mwaka 1863, baada ya watu waliotazamia Yesu arudi Oktoba 1844 kuvunjika moyo na kurudi kwenye Maandiko upya. Uamsho wa Kipentekoste ulivuma kutoka Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906, ukiongozwa na William Seymour, mwana wa watu waliokuwa watumwa. Weusi na weupe waliomba pamoja wakati ambao sheria na desturi za Marekani ziliwatenga.

Si kila mgawanyiko ni wa imani, na hili hufichwa mno. Katika miaka ya 1844 na 1845 Wamethodisti na Wabaptisti wa Marekani waligawanyika kaskazini na kusini kwa sababu ya utumwa. Biblia ile ile, ubatizo ule ule, nyimbo zile zile. Oktoba 2018 Kanisa la Orthodoksi la Urusi lilikata ushirika na Patriaki wa Konstantinopoli kuhusu nani ana haki ya kulipa kanisa la Ukraine uhuru wake. Hakuna hata neno moja la kanuni ya imani lililobishaniwa.

Yapo mambo yanayosemwa kila siku ambayo si sahihi, na yanaumiza watu.

Husemwa Wakatoliki wanamwabudu Maria. Kanisa lao linafundisha kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Maria anapewa heshima kubwa na anaombwa awaombee, kama mtu anavyomwomba rafiki amwombee. Hoja ya kweli ya Waprotestanti ni nyingine, na ina uzito: je, Maandiko yanaturuhusu kuwaomba waliokwisha kufa watuombee? Ukiuliza hivyo, unaweza kuzungumza na Mkatoliki kwa heshima. Ukimwita mwabudu sanamu, mazungumzo yamekwisha.

Husemwa Wakatoliki waliongeza vitabu kwenye Biblia, na upande wa pili husema Luther alivitoa. Vitabu saba vinavyobishaniwa, kama Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira na viwili vya Wamakabayo, vilikuwamo katika tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale waliyoisoma Wakristo wa kwanza, lakini havimo katika orodha ya Kiebrania ya Wayahudi. Jerome, mtafsiri mkuu wa Kilatini, alikuwa na mashaka navyo. Askofu Agostino, aliyeishi wakati mmoja naye, aliviunga mkono. Luther hakuvitupa. Katika Biblia yake ya 1534 aliviweka kati ya maagano mawili, akisema si sawa na Maandiko ila vinafaa kusomwa. Trento nayo ilivithibitisha rasmi mwaka 1546. Ndiyo maana Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73 na ya Kiprotestanti 66, na orodha ya Waethiopia kwa desturi huhesabiwa 81.

Husemwa mfalme Konstantino alibadilisha Sabato kuwa Jumapili, na wengine husema alifanya hivyo Nikea. Konstantino alitoa sheria ya mapumziko ya Jumapili mwaka 321, lakini mwandishi Mkristo Yustino Shahidi alieleza Wakristo wakikusanyika siku ya jua tangu katikati ya karne ya pili. Msabato mwenye kuijua historia hakatai hilo. Atakwambia desturi ya kale haiwezi kufuta amri ya nne, ya kuitakasa Sabato. Unaona? Tumerudi kwenye swali letu lile lile: desturi ya Kanisa na andiko, kipi kina neno la mwisho.

Na husemwa Wakatoliki wanaamini Papa hakosei kamwe. Fundisho la mwaka 1870 linasema hakosei pale tu anapotamka rasmi, kwa mamlaka yake yote, jambo la imani au maadili kwa Kanisa lote. Tangu wakati huo limetumika kwa uwazi mara moja, mwaka 1950, kuhusu kupalizwa Maria mbinguni. Papa ana dhambi kama mtu mwingine, na anakwenda kuungama.

Kuna ukuta mmoja ambao umeshuka sana. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko kuhusu kuhesabiwa haki: tunakubaliwa na Mungu kwa neema, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa kustahili kwetu, na matendo mema ni matunda yake. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006, na makanisa ya Kireformati, yale ya ukoo wa Calvin, mwaka 2017. Fundisho lililowasha moto wa 1517 si sababu kuu tena ya wao kuwa mbalimbali. Kinachobaki ni Papa, ni upadri, ni wanawake kuwekewa mikono, yaani kufanywa mapadri au wachungaji, ni ndoa za watu wa jinsia moja, ambazo zimewagawa Waanglikana na Wamethodisti mbele ya macho yetu. Yote hayo yanamtafuta mwamuzi.

Novemba 2015 Papa Fransisko alitembelea kanisa la Kilutheri mjini Roma. Mwanamke Mlutheri aliyeolewa na Mkatoliki akamuuliza lini yeye na mumewe wataweza kushiriki Ekaristi pamoja. Ubatizo wao ni mmoja. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Kilutheri na halimbatizi mtu mara ya pili. Meza ndiyo iliyokuwa mbili. Fransisko aliongea kwa muda, akisitasita. Alisema kuna ubatizo mmoja, imani moja, Bwana mmoja. Akamwambia aongee na Bwana, kisha asonge mbele. Kuhusu kumpa ruhusa, yule ambaye nusu ya Wakristo wanaamini ana neno la mwisho alisema hilo haliko katika uwezo wake, na kwamba hathubutu kusema zaidi.